Maswali ya Wasomaji: PDF kwenye kioo cha inchi 6

SWALI: Nimezoea kusoma kwenye kishikwambi. Sasa nataka kifaa maalumu cha kusomea vitabu, Kindle au Kobo ya inchi 6, ila vitabu vyangu vingi ni PDF. Nichukue ipi?

JIBU: Kwa PDF, ukubwa wa kioo una uzito kuliko jina la kifaa. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina kama 90 tu. PDF haijipangi upya, hivyo ukurasa mzima hubanwa na herufi za pointi 11 hushuka chini ya 5. Hapo hata miwani haisaidii. Kukigeuza kifaa kikae kwa upana na kukata pambizo huleta nafuu; kama ni PDF kila siku, tafuta inchi 10.

PDF zenye maandishi halisi zigeuze kuwa EPUB, aina ya faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo, kwa programu ya Calibre. Zilizoskaniwa zitabaki picha, na kurasa za safu mbili huvurugika. Kobo hufungua EPUB uliyoihamisha kwa waya. Kindle huipokea kupitia huduma ya Send to Kindle.

Kwenye vioo hivi vya wino wa kielektroniki, ukiona kivuli cha ukurasa uliopita, si ubovu. Kwenye mipangilio, agiza kioo kijisafishe kila ukurasa.