Moshi kwenye picha za fataki: maswali yenu

Nilipiga picha za fataki za mwaka mpya Burj Khalifa, Dubai. Picha za mwanzo ni safi, zilizofuata zimejaa ukungu wa kijivu. Zinaokoleka?

Baadhi. Baruti inayorusha fataki huwa na takriban asilimia 75 ya nitrati ya potasiamu, 15 ya mkaa na 10 ya salfa. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi, hubaki chembe ndogo zinazoelea. Upepo ukikosekana, chembe hizo hujikusanya palepale na kila fataki mpya huziangaza. Chagua picha ambazo cheche bado zinang'aa kuliko moshi. Pale moshi ulipolingana nazo kwa weupe, hakuna programu itakayofichua kilichofunikwa.

Nikivuta Dehaze, kitelezi cha kupunguza ukungu katika programu ya picha ya Lightroom, hadi mwisho, moshi unazidi kuwa mchafu. Kwa nini?

Kwa sababu Dehaze hutenganisha zaidi giza na mwanga na kukoleza rangi. Ukungu mwembamba hupungua, lakini moshi mzito huota kingo na rangi ya chungwa ya taa za mji. Igusie kidogo tu.

Kazi yenyewe ifanye kwa maski ya kiwango cha mwanga, yaani kuchagua sehemu za picha kwa mwanga wake ili uhariri hizo tu. Moshi hauna weusi wa anga wala ukali wa cheche, uko katikati. Chagua eneo hilo la katikati, punguza mwangaza, kisha punguza ukolevu wa rangi. Majengo nayo yamo humo humo, kwa hiyo yafute kwenye maski kwa brashi, la sivyo utauzima mji mzima. Usilazimishe anga iwe nyeusi tii. Usiku wa mjini hauko hivyo, na jicho hushtuka.

Mimi nina simu tu.

Kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, kuna Selective: gusa moshi, shusha mwangaza na rangi, rudia penye moshi mwingine. Simu ikiruhusu, piga RAW, faili ghafi lenye data yote ya kamera. JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukiishusha sana anga hukatika mistari mistari.

Kuunganisha picha kadhaa ni udanganyifu?

Kwa picha ya kutundika sebuleni, hapana. Kwa habari, ndiyo. Shirika la habari kama AP haliruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kwenye picha. Ukiunganisha, sema.

Namna yake: weka picha safi ya mwanzo chini, nyingine juu yake kwa hali ya Lighten katika Photoshop au GIMP. Hali hiyo huchukua kilicho angavu zaidi kila mahali, na hapo ndipo wengi wanapokwama: moshi wa kila picha nao unaingia. Safisha kila moja kwanza, ndipo uunganishe.

Niondoe moshi wote?

Nakusihi usifanye hivyo. Moshi ulio karibu na mlipuko, uliopakwa wekundu wa stronti au kijani cha bari (metali zinazotia fataki rangi), ndio unaotuonyesha kwamba fataki ina kina na ukubwa. Ukiufuta, zinabaki nyuzi za rangi kwenye karatasi nyeusi. Ondoa ule wa kijivu uliokwisha poa na kusogea pembeni.

Mwakani nifanyeje nisihangaike hivi?

Simama upande upepo unakotokea. Kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, shata wazi sekunde mbili hadi nne. Na uwe tayari kabla ya fataki ya kwanza, maana zile za mwanzo ndizo safi kuliko zote.