Uliza Ujibiwe: Kilomita ya 15 miguu inagoma, ni akili au ni mwili?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27 nipo Dodoma, nimejiandikisha nusu marathoni (kilomita 21) ya Kilimanjaro kule Moshi na ofisini nimeshatangaza, kwa hiyo kurudi nyuma hamna. Shida yangu nikifika kama kilomita ya 15 miguu inakuwa mizito, nasikia kabisa sauti inaniambia kaa chini, na kweli nakaa. Washkaji wa jogging wanasema ni akili tu nikaze, mmoja kanitumia mpaka video za Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya. Sasa nakazaje?
Mkimbiaji wa Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Washkaji wamekwambia nusu ya ukweli, ila hiyo nusu siyo ndogo. Ile sauti inakujaga mapema, mwili haujaisha bado. Mwaka 2004 watafiti wa Birmingham kule Uingereza waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga wakisukutulie mdomoni halafu wateme, hakuna kilichoingia tumboni, na bado wakaenda kasi zaidi. Nguvu ya kutoka kwenye chakula haikuongezeka hata chembe, ubongo tu ulihisi chakula kinakuja ukalegeza kamba. Utafiti mwingine wa 2009 uliwafanyisha watu kazi ya kuchosha kichwa kwa dakika 90 kabla ya kupanda baiskeli, wakakata tamaa mapema kuliko kawaida yao wakati moyo na misuli havikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo kama unakimbia jioni umetoka ofisini kichwa kimejaa mahesabu na bosi kakufokea, usishangae hiyo 15, jaribu alfajiri uone.

Sasa hiyo nusu nyingine. Kipchoge alivyokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna Oktoba 2019 alikuwa na wenzake 41 wanapokezana kumkinga upepo, gari mbele linamwonyesha spidi, na viatu vya kazi hiyo, na miaka miwili nyuma alijaribu Monza akaishia 2:00:25. Ujasiri anao, nani atabisha, lakini kila kitu kingine nacho kilipangwa, video hazikwambii hilo.

Wa kwetu je? John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968. Mji upo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, misuli ikambana, halafu akaanguka akaumia goti, wakamfunga bandeji akaendelea hivyo hivyo anachechemea mpaka uwanjani, giza limeshaingia na mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kamaliza zaidi ya saa nzima nyuma. Waliondoka 75, yeye wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma amalize. Hilo kila mtu analijua, ila watu wanasahau kwamba yule hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa mkimbiaji hasa, mwaka 1970 kwenye Jumuiya ya Madola kule Edinburgh kashika nafasi ya tano marathoni. Moyo wake ulikuwa na miguu ya kuusimamia.

Turudi kwako. Ukuta unaosemwa na wanamarathoni, sukari ya kwenye misuli kuisha, mara nyingi unakuja kilomita ya 30 na kitu, wewe wa 15 haukuhusu. Mi nahisi unaanza kwa mbio sana, hasa ukiwa na washkaji. Kilomita tano za kwanza kimbia uweze kupiga stori bila kuhema, hata wakikucheka. Ikija ile sauti usibishane nayo wala usijiambie zimebaki sita, chagua mti au nguzo ya umeme mbele fika pale, kisha chagua nyingine. Ikizidi tembea dakika moja, lakini usikae, manake kila ukikaa unaizoesha akili kwamba hapo ndo mwisho. Na tafuta mlima wa mazoezi, Moshi mtapanda kuelekea Mweka. Ila maumivu ya kuchoma sehemu moja, kifua kubana au kizunguzungu, hapo simama na umwone daktari, hiyo siyo sauti ya uvivu.

SWALI: Anti, mume wangu anapanda Kilimanjaro kwa siku tano. Kichwa kikiuma anasema atakaza kiume. Ni sawa?
Mama wa Tabata

JIBU: Hapana dada. Kule kileleni ni mita 5,895, kichwa kinauma kwa sababu hewa ni nyepesi na mwili haujazoea, na kukaza hakuongezi hewa. Kikiuma asipande zaidi mpaka kipoe, akianza kutapika, kuyumba au kukosa pumzi akiwa amekaa ateremshwe hapo hapo hata kama ni usiku, wenye misuli na vijana wanapatwa vile vile. Siku tano ni chache, achukue njia ya siku saba au nane. Na ongea na muongozaji wake kabla hawajaondoka getini, mwambie akimwona anayumba asimsikilize.