Kozi Ipi Ngumu Kuliko Zote? Mshauri wa Masomo Awajibu Wasomaji

Swali: Ndugu Mshauri, ninakaribia kuchagua shahada ya kwanza na nyumbani hatuelewani. Kaka yangu aliyesomea uhandisi anashikilia kwamba kozi nyingine zote ni za kupitisha muda, ilhali binamu yangu anayesoma sheria anamjibu kwamba mhandisi hajui maana ya kukabidhiwa rundo la hukumu za kusoma kabla ya kipindi cha kesho yake. Mimi ninaipenda historia, lakini alama zangu za hisabati ni nzuri na walimu wananisukuma upande huo. Je, kuna kipimo cha haki cha kulinganisha ugumu wa kozi, na kama kipo, ni kozi ipi iliyo ngumu kuliko zote?
*Msomaji aliye njia panda*

Jibu: Vipimo vipo, tena si kimoja. Tatizo ni kwamba kila kipimo kina bingwa wake, na ukivichunguza utaona kwamba kaka yako na binamu yako wanabishania mambo mawili tofauti huku kila mmoja akidhani ni jambo moja.

Kipimo ambacho watu hukikimbilia kwanza ni saa za kazi. Katika nchi nyingi za Ulaya, mfumo wa pamoja wa krediti huhesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, yaani kati ya saa 1,500 na 1,800 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, anayesoma falsafa na anayesoma kemia wangepaswa kuchoka sawasawa. Wanafunzi wenyewe wanaeleza vingine. Utafiti wa kitaifa wa Marekani kuhusu ushiriki wa wanafunzi katika masomo, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Indiana, uliripoti mwaka 2011 kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi walikuwa wakitumia wastani wa saa 19 kwa wiki kujiandaa nje ya darasa, wale wa ualimu saa 15, na wale wa biashara na sayansi za jamii saa 14. Kaka yako angefurahi kama orodha ingeishia hapo. Lakini kundi la sanaa na insia, yaani masomo ya utamaduni na fikra za binadamu ambamo historia imo, lilitaja saa 17, sawa kabisa na wanafunzi wa biolojia. Pengo kati ya mhandisi na mwanahistoria lilikuwa basi saa mbili kwa wiki, na zaidi ya hayo ni saa ambazo wanafunzi walizikadiria wenyewe. Ni kweli kwamba hesabu hiyo haigusi vipindi virefu vya maabara, ambavyo humwongezea mhandisi na mkemia mzigo, lakini hata ukiviongeza hutapata ile tofauti ya mbingu na ardhi inayodaiwa nyumbani kwenu.

Kipimo cha pili ni alama, na hapa ninaomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu alama hupima mkono wa msahihishaji pamoja na uzito wa somo. Mchumi Kevin Rask, katika utafiti wake wa mwaka 2010 juu ya chuo kimoja cha Marekani, aliikuta idara ya kemia ikiwa na wastani wa chini kabisa, 2.78, na ya ualimu ikiwa juu kabisa kwa 3.36, kwenye mizani ambayo alama ya A ni 4. Takwimu hizo zinathibitisha kwamba walimu wa kemia wana ubahili wa alama. Kwamba kemia yenyewe ni ngumu zaidi kuliko kazi ya kujifunza kufundisha ni dai jingine linalohitaji ushahidi wake. Chuo Kikuu cha Princeton kiliweka lengo mwaka 2004 kwamba alama za daraja la A zisizidi asilimia 35 ya alama zinazotolewa na kila idara, na mwaka 2014 kikaliondoa lengo hilo. Katika miaka hiyo kumi masomo hayakugeuka kuwa magumu kisha yakarudi kuwa mepesi; kilichobadilika ni kanuni ya kutoa alama. Mwanatakwimu Valen Johnson, alipokuwa Chuo Kikuu cha Duke katika miaka ya 1990, alipendekeza njia ya kukokotoa wastani wa mwanafunzi kwa kuzingatia ukali wa alama wa kila somo alilosoma, na pendekezo hilo likakataliwa, jambo ambalo halinishangazi, kwani hakuna idara inayopenda kutangaziwa kwamba alama zake ni za bei nafuu.

Kipimo cha tatu ni idadi ya wanaoacha au kuondolewa. Hiki kinapotosha kuliko vyote, maana hakielezi chujio limewekwa wapi. Nchini Ujerumani, takwimu zilizochapishwa mwaka 2022 zilionyesha kwamba takriban nusu ya wanaoanza shahada ya kwanza ya hisabati na sayansi asilia katika vyuo vikuu hawaimalizi, na kwamba hali ya fani za insia ni karibu hiyo hiyo, wakati wanaoacha udaktari ni wachache mno. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayehitimisha kwamba udaktari ni mwepesi kuliko fasihi. Wanaoingia kusomea udaktari wamechujwa mlangoni kwa alama za juu sana, ilhali milango ya fani nyingi za insia iko wazi na mchujo hufanyika ndani, wakati mwingine kwa sababu tu mwanafunzi amegundua kwamba hakuwa na hamu na somo lenyewe. Ufaransa ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1971 hadi 2020: idadi ya wanaoruhusiwa kuendelea na udaktari iliwekwa kwa ukomo, na mashindano makali yakafanyika mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Huko ungeweza kujua somo vizuri na bado ukabaki nje, kwa kuwa waliokutangulia walitosha kujaza nafasi.

Kwa hiyo badala ya kuuliza kozi ina ugumu kiasi gani, ni bora kuuliza ina ugumu wa namna gani, na hapa ndipo penye mambo.

Mwanasosholojia wa elimu Basil Bernstein aliandika mwaka 1999 juu ya tofauti kati ya maarifa yanayojengwa kwa kupanda juu na maarifa yanayotanuka kwa upande. Hisabati na fizikia ni za aina ya kwanza. Asiyeielewa dhana ya kikomo, yaani thamani ambayo hesabu huikaribia, hataelewa kwa nini kanuni za kalkulasi, ile hisabati ya viwango vya mabadiliko, zinafanya kazi. Asiyeimudu kalkulasi hataziweza milinganyo ya mabadiliko. Na asiyeziweza hizo atakaa mbele ya nadharia ya sumaku na umeme akinakili alama asizozielewa. Ukiugua wiki mbili katikati ya muhula, pengo lile litakudai mpaka mwisho wa mwaka. Historia hutanuka kwa upande: unaweza kukosa mada ya Mapinduzi ya Ufaransa na bado ukaandika insha nzuri juu ya Vita Kuu ya Kwanza. Ugumu wake uko kwingine. Swali la mtihani wa mekanika, tawi la fizikia linalohusu mwendo na nguvu, lina jibu ambalo wewe mwenyewe unaweza kulihakiki kabla ya kukabidhi karatasi. Insha ya historia haina jibu nyuma ya kitabu, na mwanafunzi anaweza kuandika kurasa kumi zilizo sahihi kila sentensi, akapata alama ya wastani, kwa sababu alisimulia yaliyotokea pasipo kujenga hoja kuhusu kwa nini yalitokea. Wengi hupita mwaka mzima bila kuelewa wamekosa nini.

Udaktari una ugumu wa wingi. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na mingi kati yake ina vijibonyeo na vichomozo vyenye majina, misuli iliyoshikamana nayo, neva zinazoiendesha misuli hiyo na mishipa inayoilisha damu. Hakuna kipande hata kimoja cha habari hiyo kinachomzidi akili kijana wa kawaida. Kinachomzidi ni kuvikumbuka vyote kwa pamoja, akiwa chini ya shinikizo, miaka mitano au sita mfululizo. Sheria inachanganya wingi wa usomaji na kazi ya kuoanisha kanuni na tukio jipya ambalo halikuandikwa popote, na katika hili binamu yako hajatia chumvi. Usanifu majengo hula muda: kazi za studio hazina mahali pa kuishia, kwa sababu mchoro unaweza kuboreshwa daima, na mwishoni unausimamia mbele ya walimu wanaoukosoa hadharani. Ualimu na uuguzi, ambao huchekwa na wasioujua, hukupeleka mapema mbele ya watu halisi ambao kosa lako linawagusa, na huo ni ugumu ambao hauonekani kwenye karatasi ya mtihani.

Umeuliza ipi ni ngumu kuliko zote, na sitakwepa. Kwa kufaulu tu, ninaziweka juu hisabati na fizikia, kwa sababu hazina mahali pa kujificha: hujui, huandiki. Kwa kustahimili, ninauweka udaktari. Kwa kupata alama ya juu kabisa, sioni kwamba historia au falsafa inapitwa na uhandisi hata kidogo. Ni rahisi kupata alama ya kupita katika insia na ni vigumu kung'ara, na sifa ya wepesi imetokana na sehemu ya kwanza ya sentensi hii.

Kwako wewe binafsi kuna jambo moja la kivitendo. Kutoka kozi ya hisabati kwenda historia baada ya mwaka mmoja kwa kawaida kunawezekana bila kupoteza mengi, kwa kuwa historia haidai ngazi ulizozikosa. Safari ya kurudi ni ngumu zaidi, maana hisabati iliyoachwa mwaka mzima hufifia. Tafuta mitihani iliyopita ya mwaka wa pili ya kozi zote mbili, si ya mwaka wa kwanza ambayo mara nyingi hurudia mambo ya sekondari, uketi nayo siku kadhaa. Usijipime kwa uliyoyaweza, maana bado hujafundishwa. Angalia ni maswali yapi yaliyokushinda na bado ukatamani kuyarudia.

Swali: Ndugu Mshauri, binti yangu anataka kusomea lugha za kigeni. Ndugu zetu wanasema hiyo ni kozi ya walioshindwa sayansi. Je, nimzuie?
*Mama wa msichana mmoja*

Jibu: Usimzuie, Mama, angalau si kwa sababu hiyo. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 600 hadi 750 za darasa ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania au Kifaransa, saa 900 hivi kwa Kiswahili chetu, na saa 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Hao ni watu wazima wanaosoma kutwa nzima katika madarasa madogo. Mwanafunzi wa shahada huwa na vipindi vichache zaidi kwa wiki, na juu ya lugha yenyewe huongezewa isimu, fasihi na tafsiri.

Waambie ndugu zako pia kwamba lugha haikubali kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani. Msamiati na matamshi hukua kwa mazoezi ya kila siku, na anayesubiri wiki ya mwisho huumbuka mara anapofungua kinywa katika mtihani wa mazungumzo. Swali la kumwuliza binti yako ni lugha ipi, na kama chuo anachokitaka kina mpango wa kuwapeleka wanafunzi kuishi kwa muda mahali lugha hiyo inakozungumzwa.

Swali: Ndugu Mshauri, niko mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta na nimeanguka somo la kuandika programu. Wenzangu wananishauri nihamie kozi rahisi kabla sijadisko, yaani kuondolewa chuoni. Unasemaje?
*Mwanafunzi*

Jibu: Si wewe peke yako. Jens Bennedsen na Michael Caspersen walikusanya matokeo ya somo hilo la utangulizi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali, na mwaka 2007 wakaripoti kwamba waliofaulu walikuwa wastani wa asilimia 67. Utafiti uliofuata mwaka 2014 ulipata karibu kiwango hicho hicho. Kwa hiyo kuanguka mara moja hakuthibitishi kwamba kozi imekuzidi.

Kabla ya kuhama, jichunguze jambo moja: je, unaposoma programu iliyoandikwa na mwingine unaweza kueleza kila mstari unafanya nini? Ukiweza, tatizo lako ni uchache wa mazoezi ya kuandika mwenyewe, na mtihani wa marudio unaweza kukutosha ukifanya kazi kila siku tangu leo. Usipoweza, rudi kwenye sura za mwanzo kabisa na umtafute msaidizi wa darasa, kwa sababu masomo ya mwaka wa pili yatajengwa juu ya hilo hilo. Wakati huo huo uliza ofisi ya usajili tarehe ya mwisho ya kubadili kozi, na krediti zako zipi zitahesabiwa huko uendako, ili kama utalazimika kuhama usijikute unaanza mwaka wa kwanza upya.