Hofu Inayoanzia Kitabuni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili, kwamba shule zimsaidieje mwanafunzi mwenye wasiwasi uliokithiri na yule anayejifunza kwa shida, limeulizwa kana kwamba linahusu watoto wawili. Mimi nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata hapa Tanzania, na mara nyingi ninayemkuta ni mtoto mmoja: anaogopa kwa sababu hawezi kusoma kwa kasi ya wenzake, na hakuna aliyewahi kuutambua ugumu huo kabla haujazaa hofu. Wapo pia wanaosoma vizuri kabisa lakini wana hofu kwa sababu ya msiba au ugomvi wa nyumbani. Hao wanamhitaji mwalimu wa ushauri nasaha, na pengine daktari, nami siwasemei hapa.

Ugumu ninaouzungumzia ni ule unaoitwa disleksia, yaani shida ya kuunganisha herufi na sauti zake, ambayo haina uhusiano na akili ya mtoto. Katika shule zetu za msingi hujificha kwa urahisi, kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, na mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kujikongoja mpaka mwisho wa sentensi. Katika lugha za namna hii mwenye disleksia huwa hakosei sana, ila husoma polepole mno, na mwalimu akiona hivyo hudhani ni uvivu. Anapita upimaji wa darasa la nne, anafaulu mtihani wa darasa la saba ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, kisha anaingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile za mwisho wa «though» na «cough» zinatamkwa kwa namna mbili. Hapo ndipo anapoanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Dalili zake zinaonekana, ukitaka kuziona. Mwalimu akisema kila mmoja asome aya moja kwa kufuata mstari wa madawati, mtoto huyu huhesabu vichwa vilivyo mbele yake, kisha huhesabu aya kitabuni hadi aipate ya kwake, na kuanza kuikariri huku midomo ikimcheza. Wakibaki wawili kabla ya zamu yake, anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ukimkatalia anasimama, kitabu kinatetemeka mkononi, anatamka maneno ambayo hayamo kwenye ukurasa, darasa linacheka, na kuanzia siku hiyo ana jina: kilaza. Baada ya wiki chache ataandikwa mtoro katika daftari la mahudhurio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo shule yoyote inaweza kulifanya, hata yenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja, ni kuacha kumsimamisha mtoto ghafla. Ajulishwe leo aya atakayoisoma kesho, aisome kwanza na jirani yake wa dawati, na asiyekuwa tayari aruhusiwe kuisoma mbele ya mwalimu peke yake. Muhtasari ulioandikwa ubaoni usifutwe kabla ya wanaoandika polepole kumaliza, au wapewe daftari la mwenzao wakalinakili baadaye. Katika Biolojia au Historia, aulizwe kwa mdomo. Ninao wanafunzi ambao kwa maandishi hupata sifuri, nao hunieleza mzunguko wa damu bila kukosea. Haya hayahitaji fedha wala mtaalamu, na ni vizuri hivyo, maana walimu wa elimu maalumu waliosomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, ni wachache, na shuleni kwetu hajawahi kuletwa hata mmoja.

Jambo la pili ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kumbukumbu ziwekwe. Mimi ningependa kanuni hizo zifutwe kabisa, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2001. Lakini hata zikibaki zilivyo, kushindwa kusoma si kosa la nidhamu, na anayemchapa mtoto kwa kukosea tahajia anakwenda kinyume cha kanuni hizohizo anazojitetea nazo.

La tatu ni karatasi ya matokeo inayobandikwa ukutani, yenye majina ya darasa zima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, lakini shule nyingi zimeendelea kumtangaza wa mwisho wao, wakati mwingine mbele ya wazazi waliofika kikaoni. Matokeo yanaweza kutolewa kwa mwanafunzi na mzazi wake tu, na hakuna kitakachoharibika.

Kuhusu mitihani yenyewe, Baraza huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hata hivyo, makundi tunayoyasikia yakitajwa kila mara ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wenye ulemavu wa viungo. Mwenye disleksia, ambaye dakika hizo zingemfaa kuliko wengi, hatajwi, kwa sababu shule haijamtambua ili imwombee.

Na kumtambua kungeweza kuanza mapema zaidi. Mwanafunzi anapotoka shule ya msingi, namba yake ya PReM, yaani ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na alama zake humfuata sekondari. Mwalimu aliyekaa naye miaka saba anajua kwamba husoma taratibu, kwamba huelewa akisimuliwa, kwamba hutetemeka akiitwa mbele. Sisi tunaompokea Januari tunaona alama tu. Naomba wizara iongeze kwenye kumbukumbu hizo ukurasa mmoja wa maelezo, ulioandikwa na mwalimu wa darasa, na mwalimu anayempokea atakiwe kuusoma kabla ya kipindi cha kwanza.