Frateri, tafuta mtu wa kukukatalia

Frateri mmoja, mwanafunzi wa upadre aliye kwenye mwaka wa kichungaji, yaani wa mazoezi ya kazi parokiani, ameniandikia: "Padre, hapa parokiani kila mtu ananisikiliza, ila sina wa kuongea naye." Namwelewa sana.

Niliingia seminari ndogo, sekondari ya bweni ya wanaotaka upadre, mara tu baada ya darasa la saba, sauti haijavunjika. Kengele ya kuamka, ya sala, ya chakula. Usiku, kimya kikuu. Faida nimeipata, sikatai: Misa yangu huanza saa ileile iliyotangazwa, waulizeni waumini wangu. Ila pia unajifunza kumsoma usoni mlezi, yule padre anayekusimamia. Mwisho wa mwaka walezi wanakaa kuamua nani anaendelea na nani anarudi kwao, basi huzuni unaificha, na hasira unaimalizia kwenye mpira. Baba yangu alipofariki niliruhusiwa kwenda kuzika na kurudi. Niliporudi, mlezi aliniuliza kama nimeshanakili masomo yaliyonipita. Basi. Linaniuma hadi leo.

Tatizo halikuwa mtu mmoja. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1563 majimbo yawe na seminari za kulea wavulana kuanzia miaka 12, kabla ulimwengu haujawaharibu. Papa Yohane Paulo II akaandika mwaka 1992 kwamba malezi ya kiutu, ya kumkomaza mtu mwenyewe, ndiyo msingi wa malezi yote ya kipadre. Kwetu msingi huo ulitengewa semina ya Jumamosi moja, tena mchana, watu wanasinzia.

Halafu unapadrishwa. Juzi tu ulikuwa unaomba ruhusa ya kutoka getini. Leo bibi wa umri wa mama yako anapiga magoti umbariki. Kwenye kikao cha halmashauri ya walei ukikohoa tu, mzee mwenye wajukuu anameza hoja yake. Ujana wote ulikuwa ukiambiwa la kufanya, sasa hakuna wa kukuambia, na ndani bado ni yule mtoto anayeogopa ripoti.

Kwa hiyo, frateri, tafuta wa kukukatalia. Mimi ninaye mwalimu mstaafu wa kwaya. Siku moja alinifuata sakristia: "Padre, leo umehubiri mara tatu kwenye Misa moja." Nilinuna wiki nzima, lakini sijamwacha. Ndugu zangu mapadre, tuache kujifungia vyumbani na simu! Askofu hawezi kukulea akiwa mbali, wala daraja takatifu la upadre halikomazi mtu asiyetaka kukomaa.

Nanyi waumini, mwalikeni padre siku isiyo na sherehe. Ale ugali na dagaa pamoja na watoto, na mkibishana Simba na Yanga msimwachie ashinde.