Kwa aliyeambiwa ana kiherehere kwa sababu ya waya wa ngazini

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. La kwanza, mtu anawezaje kuwa macho na hatari za kila siku bila kuishi roho juu. La pili, ameona waya uliochubuka kwenye ngazi za jengo analopanga, akasema, na majirani wakamjibu kuwa ana kiherehere, waya uko hivyo tangu zamani na haujamuua mtu. Sasa anataka kujua wajibu wake unaishia wapi. Wengi waliotangulia hapa wamemwambia ajali mambo yake. Mimi napinga. Ni fundi umeme wa majumbani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuingia kwa watu nisiowajua na kuona vitu ambavyo wenyewe wameshaacha kuviona.

Mkuu, hiyo "tangu zamani" inanitisha kuliko waya wenyewe. Swichi ikianza kutoa cheche, siku ya kwanza nyumba nzima inaambiana. Baada ya hapo watu wanajifunza kuibonyeza kwa pembeni. Mwisho wanamfundisha mgeni: "Usiguse hapo, bonyeza kwa juu." Likifika hapo, tatizo limeshakuwa sehemu ya nyumba na hakuna atakayemwita fundi. Lakini anayezoea ni mtu tu. Waya hauzoei chochote. Plastiki yake inaendelea kukauka na kupasuka, na kiungio kilicholegea kinaendelea kupata moto kila kinapobeba mzigo.

Niliwahi kuitwa mahali kubadilisha taa ya jikoni. Mlango ulipofunguliwa tu, harufu ya gesi ikanipokea. Mama mwenye nyumba alikuwa humo ndani tangu asubuhi. Nilipomwambia, alinusa mbele yangu kwa nia njema kabisa, akasema, "Mbona mimi sisikii harufu yoyote, mwanangu?" Hakuwa akinibishia. Pua ikikaa muda mrefu ndani ya harufu moja huacha kuipokea. Ile harufu kali ya yai viza tunayoijua huongezwa kiwandani kwa makusudi, ili gesi ikivuja watu washtuke, lakini huyu mama alikuwa ameshapita hatua ya kushtuka. Sikuwasha taa, na ile iliyokuwa ikiwaka sikuizima, kwa sababu swichi inaweza kutoa cheche ikiwashwa na hata ikizimwa. Tulifunga valvu ya mtungi, tukafungua milango na madirisha, tukatoka wote, na simu nikaipigia nje. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni na kwenye mashimo, kwa hiyo kufungua kidirisha cha juu peke yake ni kujidanganya. Mlango ndio unaoitoa. Baadaye ikaonekana mpira ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu.

Hoja yangu yote imo kwenye tukio hilo. Aliyezoea hawezi kujilinda peke yake, hata awe makini kiasi gani. Anamhitaji anayeingia na pua mpya na macho mapya. Kwa hiyo wewe uliyehamia juzi na kuuona waya ndiye mtu mwenye thamani kubwa kuliko wote katika jengo hilo, na thamani hiyo ina muda wake. Ukinyamaza kwa aibu, baada ya muda na wewe utakuwa unaruka ngazi ile bila kukumbuka kwa nini.

Kuna hatari ambayo hata mgeni haisikii, nayo ni kaboni monoksidi, hewa inayotoka kwenye jiko la mkaa, jenereta au chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, na hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zinazozidi za oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu. Inayoisaliti ni hali ya wenzake: watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakitoka nje wakapata nafuu, hilo si la kumeza dawa na kurudi kulala. Hapa napo mtu anaokolewa na kuulizana. Anayeugulia kimya kitandani hawezi kujua kwamba wa kitanda cha pili anaugua vilevile.

Nirudi kwenye hofu. Hakuna binadamu anayeweza kuwa macho kutwa nzima, na anayekuambia anaweza, ama ni muongo ama atakuwa mgonjwa karibuni. Mimi huangalia pale mambo yanapobadilika, basi. Nikiingia mahali kwa mara ya kwanza, natafuta meinswichi iko wapi na nitatokea wapi. Umeme ukikatika, najiuliza nini kilikuwa kimewashwa, kwa sababu pasi iliyoachwa juu ya nguo wakati umeme umekatika itapata moto upya umeme ukirudi, na pengine nyumbani hakuna mtu. Mvua ikinyesha kwa upepo, naangalia dari na soketi za ukuta wa upande huo. Nikiongeza kifaa kwenye ekstensheni, narudi baada ya muda kuigusa plagi: ikiwa ya moto au soketi imepata weusi, nakata. Ile ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, usiipe mzigo mkubwa ikiwa bado imeviringwa. Joto linakosa pa kutokea na waya unayeyuka ndani kwa ndani. Nimekuta magurudumu ya namna hiyo yameshikana kuwa donge moja.

Badiliko kubwa kuliko yote ni kuja kwa mtoto mdogo kwenye nyumba ya watu wazima. Nyumba ileile iliyokuwa salama jana, leo ina ndoo ya maji inayoweza kumzamisha na birika lenye waya unaoning'inia. Kuna pia vile vibetri bapa kama vitufe vya shati vinavyokaa kwenye rimoti na saa, na hivi watu wengi hawavijui. Kikikwama kooni kinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali wakati huohuo. Usikae kusubiri kitoke chenyewe.

Kuhusu "nimeshamwambia mtu", sikubaliani kabisa na wanaoona wajibu unaishia hapo. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambamo watu walikuwa wakijaza fomu chumbani huku moshi ukiingizwa kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake alitoka kutoa taarifa mara 75 kati ya 100. Aliyeketi na watu wawili waliopangwa wasijali chochote, alitoa taarifa mara 10 tu kati ya 100. Moshi ni uleule. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona ametulia, akaamua hakuna jambo. Hao hawakuwa watu wabaya, na majirani zako wa ngazini wala si wabaya.

Ndiyo maana kwenye dharura sisemi "jamani saidieni". Namwelekezea mtu mmoja kidole: "Kaka wa shati la bluu, piga simu ya dharura, halafu rudi uniambie wamesemaje." Akipewa kazi kwa uso wake, anaifanya. Na kwenye mambo yasiyo ya dharura ni vivyo hivyo, jambo liwe na mtu. Kutupia picha ya waya kwenye kundi la simu na kuandika "tuwe makini" si kutoa taarifa. Nani azime? Nani amwite fundi? Mara nyingi ujumbe wenyewe hauna hata jina la mtaa, na bado watu thelathini wanaupeleka mbele wakijiona wamefanya wema.

Wajibu wetu unawahusu hata watu tusiowaona. Kwenye kozi moja ya usalama kazini mwalimu alitusimulia kesi ya Uskoti ya Bi May Donoghue, aliyedai kwamba mwaka 1928 alikunywa kinywaji kutoka kwenye chupa isiyoonyesha ndani, kisha akaona mabaki ya konokono yakimiminika. Chupa aliinunua rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba wowote, wala na muuzaji wala na kiwanda. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza, watatu dhidi ya wawili, waliamua kuwa mtengenezaji anawajibika hata hivyo. Jaji Atkin alieleza kuwa jirani yako kisheria ni yule ambaye tendo lako linaweza kumgusa kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria. Siku hiyo niliwaza chupa ninazozikuta majumbani: mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, dawa ya wadudu ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwenye rafu ileile. Aliyemimina anajua kilichomo. Atakayefika na kiu hajui. Weka kwenye chombo chake chenye lebo, juu, mbali na watoto. Na mtu akishakunywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika. Yakipitia njia ya hewa yanaharibu mapafu. Hapo ni hospitali, na chupa muende nayo.

Sasa mpaka. Wajibu wa kusema haukupi ruhusa ya kuingiza mkono. Mtu akiwa ameshikwa na umeme, usimvute, utaungana naye. Zima meinswichi kwanza. Waya mkubwa wa nguzo ukianguka, kaa mbali angalau mita 10, zuia wengine, piga simu kwa shirika la umeme, hata kama waya unaonekana umekufa. Sufuria ya mafuta ikishika moto, zima jiko, funika na mfuniko, usimwage maji. Mwenzako akianguka ndani ya tangi, kisima au shimo la maji taka, usimfuate, hata akiwa ndugu wa damu. Hewa iliyomwangusha bado imo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya sehemu finyu za namna hiyo ni vya watu waliojaribu kuokoa. Kupiga kelele, kuita wenye vifaa na kuwazuia wengine wasiingie ni kazi ngumu sana kuifanya mtu wako akiwa chini, na ndiyo inayotakiwa.

Tuje kwenye ngazi zako. Atatokea mtu atakayekuambia usihofu, kuna breka, umeme ukimpata mtu utakata. Siyo. Breka ya ampia 16 imewekwa kulinda waya usiungue. Miliampia 30 zikipita mwilini zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ampia 16 ni zaidi ya mara 500 ya hizo. Breka ya kawaida haitahisi kitu huku mtu anakufa. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30, chenye kitufe kilichoandikwa T cha kukijaribia. Angalieni kwenye boksi kama mnacho, na mkibonyeze. Kisipokata, hamna kinga.

Usiufunge waya huo kwa gundi ya karatasi wala mfuko wa nailoni. Tafuta breka inayolisha ngazi, izimeni, bandikeni karatasi juu yake asije mtu akaiwasha akidhani ni bahati mbaya, na mpate taa ya betri ya kupandia usiku. Mwenye nyumba mpelekee picha kwa maandishi yenye tarehe, umwombe siku ya fundi, na kati ya wapangaji achaguliwe mmoja wa kufuatilia. Usipoitambua breka, zimeni kubwa mpaka fundi afike. Giza la jioni moja mtalivumilia. Na ukiweza kupiga picha ya boksi kwa mbali, mfuniko ukiwa umefungwa, iweke hapa nikuonyeshe breka ipi ni ipi.