Uliza Tukujibu: "Mzee yupo?"

Swali: Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya Kibaha kwa fedha za biashara yangu ya nafaka. Fundi akitaka kuongezewa saruji anampigia mume wangu, ambaye yuko Mbeya kikazi na hajawahi kukanyaga saiti. Dukani nako wakiniona wanauliza, "Mzee yupo?" Nimeanza kwenda na binamu yangu wa kiume ili nisipigwe bei, lakini sasa binamu ndiye anayeulizwa kila kitu. Nifanyeje?
*Mama wa saiti, Kibaha*

Jibu: Anza na binamu: abaki nyumbani. Tunaelewa kwa nini ulimchukua, lakini ukisimama nyuma ya mwanamume siku ya kwanza, siku ya kumi bado utakuwa nyuma yake. Kama unahitaji jicho la pili, na kwenye ujenzi kila mtu analihitaji, mlipe fundi mwingine asiye wa saiti yako. Aje mara moja kila hatua inapokamilika, akague, akuandikie wewe alichokiona.

Kisha mkataba. Saiti nyingi huendeshwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo huishia kwa yule ambaye fundi anamwona ni mkubwa. Karatasi moja inatosha. Iwe na jina lako kama mwenye kazi, namba yako ya simu kama namba pekee ya kuombea vifaa, na bei ya ufundi iliyogawanywa kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), kozi za juu (mistari ya tofali juu ya lenta), kupaua, plasta. Andikeni kwamba asilimia 10 ya kila hatua inabaki mkononi mwako hadi ukaguzi upite. Msaini mbele ya mashahidi wawili. Malipo yote yatoke kwenye simu yako, hata kama fedha mmechanga na mumeo. Fundi humsikiliza anayetuma muamala.

Lakini heshima ya saiti hujengwa na vipimo kuliko kitu kingine chochote. Mfano ni huu. Zege la lenta kwa kawaida huchanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja unataka mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, na maji lita 25 hadi 30. Nunua ndoo zako mbili na usisitize zitumike. Fundi akipima kwa chepe, chepe la asubuhi na chepe la mchana mtu akiwa amechoka hayalingani. Zege likishachanganywa limwagwe ndani ya saa moja. Ukiona msaidizi anarudishia maji kwenye zege lililoanza kukaza, simamisha kazi, maana hapo nguvu yake inapotea na nyufa zitakuja baadaye.

Sasa piga hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege hilo inakula mifuko sita na nusu. Lenta ya urefu wa mita 40, upana sentimita 15 na kimo sentimita 20 ni mita za ujazo 1.2, yaani mifuko minane, au tisa ukiweka ya kupotea. Fundi akiomba 14, usigombane. Mwonyeshe hesabu kwenye daftari na umuulize mitano iliyozidi inaenda wapi. Akishajua unahesabu, ataacha kumpigia mzee, kwa kuwa mzee hana jibu la swali hilo.

Tofali za inchi 6 zinahesabika hivyo hivyo: kila mita ya mraba ya ukuta inachukua tofali tisa. Zidisha urefu kwa kimo, toa milango na madirisha, ongeza tano kwa kila mia kwa ajili ya kuvunjika.

Dukani, swali la "mzee yupo?" lijibu bila hasira na bila maelezo marefu: "Mnunuzi ni mimi. Nipatie nondo 20 za milimita 12, ila tupime moja kwenye mizani kwanza." Nondo kamili ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi, ya milimita 10 ina kilo 7.4. Ukiipima ya milimita 12 ikasoma kilo 9, hiyo ni nyembamba au ni fupi, na wewe unalipia ambacho hukupewa. Usieleze mume yuko wapi, maana hilo halihusiani na nondo. Na risiti ya mashine iandikwe jina lako.

Swali: Mke wangu ndiye anayesimamia ujenzi wetu na anaujua kuliko mimi, lakini mafundi hawaachi kunipigia. Nisipopokea naonekana nina dharau. Nikipokea, mke wangu anakasirika.
*Baba wa wawili, Dodoma*

Jibu: Pokea, kaka, lakini usijibu swali lenyewe hata kama jibu unalo. Sema, "Mwenye saiti ni mama, mpigie yeye," kisha kata. Wanaume wengi wenye nia njema hukosea hapo: humsikiliza fundi, halafu wanampelekea mke ujumbe, na jioni wanampigia fundi kumpa majibu. Kwa fundi, bosi bado ni wewe, na mkeo ni karani wako. Ukishikilia sentensi hiyo moja kila wanapopiga, bila kulegea hata mara moja, watachoka.

Swali: Kwenye vikao vya kampuni yetu nikitoa hoja inapita kimya. Dakika kumi baadaye mwenzangu wa kiume anairudia na mwenyekiti anasema, "Hilo wazo zuri." Muhtasari ninaandika mimi, chai ninaagiza mimi.
*Afisa masoko, Morogoro*

Jibu: Dada, hoja yako ifike kikaoni kabla yako. Siku mbili kabla, mwombe mwenyekiti kwa barua pepe aiweke kwenye ajenda, kwa mistari mitatu tu: tatizo, pendekezo, gharama. Jina lako liwe pembeni ya ajenda hiyo. Ikirudiwa na mwingine, ingia papo hapo: "Mwenyekiti, nashukuru ndugu yangu ameunga mkono hoja yangu. Niongeze gharama zake." Usilaumu. Endelea na takwimu ambazo yeye hana, na kila mtu atajua mzizi uko wapi.

Mtafute na mwenzako mmoja mkubaliane kabla. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Obama walieleza kwamba mmoja wao akitoa wazo, mwingine alilirudia na kumtaja mwenye wazo kwa jina. "Kama alivyosema Bi Fulani" ni maneno machache, na yanafanya kazi hata Morogoro.

Kuhusu muhtasari, hapo una mzigo, ila pia umeshika kalamu. Kwa kila azimio andika jina la mtoa hoja, wanaume na wanawake sawasawa. Siku ambayo kalamu iko kwa mwingine, subiri ajenda ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita na uombe marekebisho hapo hapo. Ukishathibitishwa na kusainiwa, kuubadilisha ni kazi. Suala la zamu za kuandika na za chai usilizushe katikati ya kikao kwa kusema "leo sitaki", utaitwa mjeuri na hoja itafia hapo. Pendekeza kwa maandishi kati ya kikao na kikao: zamu kwa mpangilio wa alfabeti, majina yote ndani, la meneja likiwemo.

Na ikifika mahali unanyimwa cheo kwa sababu ya jinsia au ujauzito, hilo si la kuvumilia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi huo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kupitisha siku hizo wakimsubiri bosi "aliangalie".

Swali: Tuko kwenye ndoa miaka 14. Hati ya nyumba ina jina la mume tu. Ndugu zake wanasema mama wa nyumbani hana alichochangia. Mume hana ubaya, ila nikigusia anasema, "Kuna haja gani?"
*Mama wa nyumbani, Iringa*

Jibu: Hao ndugu wamechelewa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Msimamo huo ndio unaofuatwa. Lakini fahamu na upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alishampa fedha naye akazitapanya. Kwa hiyo weka daftari na risiti za ulichofanya, ada za watoto ulizolipa kwa mboga ulizouza zikiwemo.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwenza kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukihisi hatari, kifungu hicho kinakupa nafasi ya kuweka zuio kwenye usajili wa hati.

Kwa kuwa mumeo hana ubaya, njia nzuri ni kuongeza jina. Mwambie haja yenyewe: yeye akitangulia, ndugu watakuja na hati, na watoto wake ndio watakaohangaika. Nendeni wote wawili ofisi ya ardhi mkiwa na hati halisi, cheti cha ndoa, vitambulisho na picha. Lipeni kwanza kodi ya pango la ardhi, kwani deni hukwamisha faili, na msilipe ada yoyote bila namba ya malipo ya serikali.

Kama mna na shamba kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina yenu wote. Kamati ya kuhakiki mipaka ina wajumbe wasiopungua tisa, na wanne kati yao lazima wawe wanawake. Siku wakija kupima, usibaki jikoni ukiwapikia wageni. Simama mpakani na kitambulisho chako mkononi, na mwandishi akiuliza mmiliki ni nani, mtajie majina mawili, lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho.